Machi ya Askari, Ngoma ya Kijiji

Mwishoni mwa karne ya 18, Waskochi walipohofia kuvamiwa na Ufaransa, wanaume wa miji midogo walijiandikisha kuwa askari wa kujitolea. Hata mshairi Robert Burns alijiunga na kikosi cha Dumfries mwaka 1795. Wapiga fidla wakavitungia vikosi hivyo machi, na machi hizo zikaendelea kupigwa baada ya bunduki kurudi ghalani.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, machi ya askari ilifika kwa njia chungu zaidi. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakachukua Tukuyu kutoka kwa Wajerumani. Agosti 29 yakaingia Iringa. Wapagazi wengi wa vita hiyo walikamatwa vijijini na kubebeshwa mizigo. Nani alijitolea hapo?

Kujitolea kulikuja kwenye ngoma. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilisambaa bara pamoja na askari. Kandokando ya Ziwa Nyasa ikapata nduguze: malipenga upande wa Malawi, mapenenga Kyela, na mganda kwa Wamanda wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Iringa hadi mwaka 2012. Kundi la mganda huitwa boma, lina mfalme, kapteni, sajini, hata daktari. Vijana hujipanga mistari, kaptula nyeupe zimenyooshwa pasi, soksi hadi magotini.

Lipenga lenyewe ni kibuyu kilichotobolewa ubavuni, tundu likazibwa kwa utando wa buibui. Ukilipuliza halisemi kitu. Sharti uimbe ndani yake, utando utetemeke, sauti itoke inakwaruza kama tarumbeta ya bendi ya kambini.

Wapo wakoloni walioona hapo uigaji mtupu. Mimi naona mtoto wa mpagazi aliyejipandisha cheo mbele ya kijiji kizima, bila kumwomba ruhusa mzungu yeyote.

Kujitolea kwa askari kukarudi mwaka 1971: Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitaka wananchi wenyewe wajilinde, mgambo ukatapakaa. Mgambo hawana lipenga wala ngoma, wana mchakamchaka. Kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia, mguu wa kushoto ndio unaoshika mapigo. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga hukimbia hivyo alfajiri, na shule za msingi nazo, watoto wa darasa la tatu wakiimba vita ambavyo babu zao hawakupigana.