Kutoka Mayi-Mayi hadi Wazalendo

Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Vijana waliojitolea kwa silaha walijulikana baadaye kama Mayi-Mayi. Mayi ni maji: katika Kiswahili cha Kongo, j hugeuka y. Waliamini dawa ya maji huzuia risasi, kama wapiganaji wa Maji Maji kule Tanganyika, 1905.

Mei 2022, makundi kadhaa yalikutana Pinga, Walikale. Leo yanaitwa Wazalendo. Mwaka 2023 sheria ikaunda jeshi la akiba.

Nionavyo, jina limehama ngeli: kutoka dawa hadi watu. Lakini mzalendo ni nani, pale ambapo uzawa wenyewe ndio ugomvi?