Rafia ni Bure, Siku si Bure

Husemwa mara nyingi ya kuwa kazi za mikono ni mambo ya wazee, na kwamba kijana aliyesoma hana haja ya kujua kusuka. Basi na tuwatazame wazee hao kwanza.

Mwaka 1871 David Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, ng'ambo ya Lualaba, kusini kidogo mwa Kibombo. Katika daftari lake aliandika habari za soko kubwa la pale: wanawake wengi mno wakivuka mto kwa mitumbwi, wakileta vyungu, samaki, mawese, kuku na vitambaa vya rafia. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule, watu wa wafanya biashara wenye bunduki waliwapiga risasi wale wauzaji na wanunuzi. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Kumbe soko la vitu vya mikono si jambo geni lililoletwa na shule! Mama zetu walikuwa nalo kabla ya reli ya Kindu na Kongolo, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1906 na kupita hapa Kibombo.

Reli ilileta sufuria, marekani na mablanketi. Baadaye yakaja mabeseni ya plastiki. Hatuwezi kuyalaumu mabeseni. Ni mepesi, na hayavunjiki kama chungu. Lakini mkeka, kikapu na ungo bado vina kazi yao nyumbani, na anayejua kuvitengeneza ana mali mikononi.

Taabu yetu ni bei. Mama huuza mkeka kwa fedha kidogo sana, akisema, "Majani nimeyapata bure." Ni kweli, majani ni bure. Lakini tuhesabu pamoja. Lazima akate jani changa la rafia kabla halijafunguka, aichune ile ngozi nyembamba kwa kisu, aianike, aichambue nyuzi, ndipo aanze kusuka. Tuseme kazi yote imemchukua siku sita. Je, kwa siku sita shambani angevuna nini? Bei iliyo chini ya mavuno hayo si bei, ni sadaka kwa mnunuzi, ambaye pengine ana fedha kumshinda.

Ndiyo maana yafaa wafumaji walete kazi zao mahali pamoja, siku moja iliyotangazwa, badala ya kila mmoja kuzunguka peke yake na mkeka begani. Vitu vikipangwa pamoja, mnunuzi huona tofauti ya mkono na mkono, na muuzaji hasongwi kukubali bei ya kwanza. Kila kitu kifungiwe kikaratasi chenye jina la aliyekitengeneza na hesabu ya siku zake. Nanyi akina baba msicheke kwamba hii ni kazi ya wanawake: kwa Wakuba wa Kasai, ambao vitambaa vyao vya rafia vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, wafumaji ni wanaume, na wanawake hutia nakshi.

Kwa watoto, anzeni na kitu kidogo: kitanda cha kuwekea chungu cha moto mezani. Loweka nyuzi za rafia kidogo ili zilainike. Gawanya mafungu matatu, usuke kama nywele, msuko wa upana wa kidole, upatao sentimita moja. Uzi ukikaribia kwisha, ingiza mwingine. Lakini usiunganishe mafungu yote matatu mahali pamoja, maana hapo ndipo utakapokatika. Msuko wa mita tatu hutoa duara la sentimita ishirini hivi. Uzungushe ukiwa umelala bapa juu ya meza, ukiushona ubavu kwa ubavu kwa shazia, yaani sindano nene ya kushonea magunia. Usivute uzi kwa nguvu nyingi. Duara litajikunja kama bakuli. (Likijikunja, mwache mtoto aendelee. Amekwisha kuanza kikapu.)

Ukitaka rangi, chemsha nyuzi pamoja na manjano kabla ya kusuka, uzianike kivulini. Mwambie mnunuzi wazi kwamba rangi hii hupauka juani, ili asije akarudi kukugombeza.