“Kila”, “Kuna” na Kazi ya Mikono Mingi

Wanaisimu wamezoea kuyachunguza maneno “kila” na “kuna” kwa upande wa maana. Wanamantiki wamegundua kwamba maneno hayo hupima pia muda wa kazi ifanywayo na wengi kwa pamoja.

Mfano mwafaka ni soko la miraa la Laare, Meru. Sentensi “Kila bunda limefungwa kwa majani ya mgomba” huhakikiwa upesi: kila bunda lipewe mkaguzi wake, na aonaye kasoro ainue mkono. Yawe mabunda kumi au elfu, hatua haziongezeki. “Kwa kila bunda kuna mwenyewe” huhitaji wakaguzi zaidi, wala si hatua zaidi.

Sivyo ilivyo kwa “Idadi ya mabunda ni shufwa.” Miklós Ajtai, mwaka 1983, alithibitisha kwamba hapana sentensi moja ya “kila” na “kuna” iwezayo kulieleza jambo hilo kwa idadi zote, hata mabunda yakipangwa safu na kupewa namba. Wakaguzi wakijumlisha wawili wawili, mabunda 1024 huhitaji awamu 10. 2048, awamu 11.

Mwaka 1989 Neil Immerman alionyesha uhusiano wenyewe: mara ambazo fungu la “kila” na “kuna” hurudiwa ndizo hatua za mitambo itumiayo kumbukumbu moja kwa pamoja.

Basi pale sentensi isipotosha, kuongeza wakaguzi kwa kadiri hakutoshi. Hapana budi kuongeza muda.