Fahamu: Jinsi nafasi ya gari moja inavyogeuka bustani ya mtaa

Mwaka 2005, wabunifu wa kundi la Rebar jijini San Francisco, Marekani, walilipia nafasi moja ya maegesho kwa sarafu, wakatandaza nyasi, wakaweka benchi na mti. Mwaka 2010 jiji likaanza kuruhusu rasmi bustani za aina hiyo.

Zinajengwaje?
Jukwaa la bustani huinuliwa lilingane na njia ya waenda kwa miguu, ili kiti cha magurudumu kipite bila kikwazo. Chini huachwa upenyo wa maji ya mvua.

Nani hulipa?
Mara nyingi mwenye duka au mgahawa wa jirani. Hata hivyo, bustani ya umma ni ya wote, hata asiyenunua kitu.

Faida ni ipi?
Gari huweza kukaa kwenye maegesho kutwa bila dereva. Lakini benchi hupokea watu wengi. Anayepumzika huweza kuona duka na kuingia. Kwa hiyo wenye maduka wasiogope kupoteza maegesho.