Bolo, Countess Howe na nywele nyeupe kwenye miguu ya Labrador

Kama una Labrador mweusi nyumbani, hebu mwinue mguu uangalie karibu na nyayo. Baadhi yao wana nywele chache nyeupe pale. Wafugaji huziita alama za Bolo, na nyuma ya jina hilo yupo mwanamke wa tabaka la makabaila wa Uingereza.

Lorna, Countess Howe, alifuga Labrador kwa jina la Banchory. Mwaka 1916 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya Labrador nchini humo. Mbwa wake Banchory Bolo, aliyezaliwa 1915, alikuja kuwa Labrador wa kwanza kupata ubingwa pande zote mbili: kwenye maonesho, ambako majaji hutazama umbo, na mawindoni, ambako mbwa huokota ndege waliopigwa risasi. Kwa Countess Howe, uzuri bila kazi haukutosha. Pale Crufts, mbwa wake walitwaa tuzo ya juu kabisa mara tatu: 1932, 1933 na 1937.

Sasa sayansi inaingia wapi? Jike huzaa mara chache tu maishani, lakini dume bingwa hugombaniwa na anaweza kupanda majike wengi mno. Kwa hiyo macho ya mfugaji mmoja mwenye jina yanaweza kuamua jeni za kizazi kizima.

Nywele nyeupe hazina shida. Shida ni jeni fiche, ile isiyoleta ugonjwa mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama. Chukua dume mwenye nakala moja mbovu: yeye mzima, na takriban nusu ya watoto wake wataibeba, nao wazima. Ukiwakutanisha wawili kati ya hao wabebaji, kila mtoto atakayezaliwa ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua.

Labrador wanao ugonjwa wa aina hiyo. Mbwa anakimbia kwa nguvu, ghafla miguu ya nyuma inalegea, anaanguka. Mwaka 2008 watafiti waliuhusisha na jeni iitwayo DNM1, na leo kipimo kipo.

Jaji humwona mbwa aliyesimama mbele yake. Alichobeba ndani hakioni. Basi kabla hujalipia dume bingwa, uliza mambo mawili: majibu ya vipimo vyake, na ameshazaa watoto wangapi.