KELELE ZA PIKIPIKI SI NGUVU

Mikocheni ni sehemu ya Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Jina lake limetokana na mikoche. Mkoche ni mti wa jamii moja na mnazi na mvumo. Leo Mikocheni ni mahali pa nyumba nyingi, maduka, shule, hospitali na viwanda. Barabara ya Mwai Kibaki inapita hapo. Kando ya barabara vijana wa bodaboda hukaa kijiweni wakingoja abiria.

Simama hapo jioni usikilize. Pikipiki moja itapita kwa mlio wa kawaida. Nyingine itapita ikipiga kelele kama bunduki. Mtoto mchanga aliyelala ataamka. Mgonjwa atashtuka. Pikipiki hiyo haikutoka kiwandani ikiwa hivyo. Imefunguliwa bomba la moshi.

Vijana wengi wanaamini kuwa pikipiki iliyofunguliwa bomba ina nguvu zaidi. Kijana akirudi kijijini, huja na imani hiyo pamoja na pikipiki yake. Je, imani hiyo ni ya kweli? Tuitazame pamoja.

KIJANA NA PIKIPIKI YA TAJIRI

Tuchukue mfano wa kijana mmoja. Huu ni mfano tu, lakini mambo kama haya hutokea.

Kijana huyu anaendesha pikipiki ya tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu. Wamepatana kwamba akimaliza kulipa fedha zote, pikipiki itakuwa yake. Kwa ajili hiyo anavumilia jua na mvua. Mama yake yuko kijijini, naye anamtegemea.

Siku moja anakwenda kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Pikipiki inasumbua nini?"

"Haisumbui. Nataka uifungue bomba. Na chujio la hewa ulitoe. Wenzangu kijiweni wamefanya hivyo."

Fundi mwenye busara angemwambia asubiri kwanza. Lakini fundi huyu anataka fedha ya haraka. Anachukua msumeno na kukata matumbo ya bomba la moshi. Kisha anatoa chujio la hewa na kulitupa. Kabureta haigusi kabisa. Kijana analipa, anapiga resi na kuondoka. Watu wote wanageuka kumtazama.

Siku za kwanza kijana anafurahi. Halafu mambo yanaanza kubadilika. Akipunguza mafuta ghafla, bomba linapiga pa! pa! Akipakia abiria na mzigo, pikipiki inachoka mlimani. Injini inakuwa na joto kali kuliko zamani. Baada ya miezi kadhaa moshi wa rangi ya bluu unaanza kutoka. Oili inapungua.

Mwisho, injini inakwama njiani. Inapofunguliwa, pistoni imekwaruzwa. Ringi zimekwisha. Silinda imelika. Sasa hesabu imekatika. Tajiri anataka pikipiki yake. Kijana amepoteza chombo ambacho karibu kingekuwa mali yake.

Kosa liko wapi?

INJINI HUPUMUA

Injini ya pikipiki hupumua kama mtu. Hewa huingia upande mmoja. Moshi hutoka upande wa pili. Katikati petroli huwaka, na moto huo husukuma pistoni. Pistoni huzungusha gurudumu.

Kazi hiyo ina hatua nne. Kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa pamoja na petroli. Pili, hupanda na kuvikandamiza. Tatu, plagi hutoa cheche, petroli inawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Nne, pistoni hupanda tena na kutoa moshi nje. Kisha kazi inaanza upya.

Pistoni ya injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta pumzi mara 3,000 kwa dakika hiyo. Hizo ni pumzi 50 kwa kila sekunde. Pikipiki ya ukubwa wa sisi 150, ikikimbia hivyo kwa mafuta yote, huvuta zaidi ya lita 300 za hewa kwa dakika moja. Hizo ni zaidi ya debe 15 za hewa.

Petroli nayo ina kipimo chake. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, inahitaji kilo 15 hivi za hewa. Maana yake lita 1 ya petroli hutumia hewa ya lita 9,000 hivi. Kazi ya kabureta ni kutunza kipimo hicho. Ndani yake mna vitundu vidogo sana vinavyoitwa jeti. Petroli hupita katika jeti hizo kwa kipimo na kuchanganyika na hewa.

Mama anayepika anajua jambo hili. Kuni zikijazwa mno katika mafiga, moto unakosa hewa. Moshi unajaa jikoni na sufuria inakuwa nyeusi. Injini nayo ni hivyo hivyo. Petroli ikizidi, haiungui yote. Fedha zako zinatoka kwa njia ya bomba kama moshi mweusi. Lakini petroli ikipungua kuliko hewa, hatari ni kubwa zaidi. Joto la injini huongezeka. Joto likizidi, vali huungua na pistoni huweza kutoboka.

VITU VITATU NI KITU KIMOJA

Sasa tunaweza kuona kosa la yule kijana. Hewa, petroli na moshi ni kama mafiga matatu. Ukisogeza figa moja, sufuria inayumba.

Kwanza, alitoa chujio. Hewa ikaingia nyingi zaidi. Jeti za kabureta zilibaki zile zile za kiwandani. Kwa hiyo petroli ikawa kidogo kuliko hewa. Hilo ndilo lililoleta joto.

Pili, bila chujio vumbi liliingia ndani ya injini. Vumbi la barabara ni chembe ndogo za mchanga. Mchanga huo husaga ringi na silinda kama msasa. Ringi zikilika, oili hupenya na kuungua. Ndiyo sababu ya moshi wa bluu.

Tatu, alikata matumbo ya bomba. Matumbo hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kupunguza kelele tu. Moshi hutoka kwa mapigo, pigo moja baada ya jingine. Wahandisi wamepima urefu na upana wa bomba. Wanataka pigo linalotoka lisaidie kuvuta linalofuata. Ukilikata ovyo, unaharibu mpango huo. Mara nyingi nguvu hupungua pale injini inapozunguka polepole. Hapo ndipo mwenye bodaboda anapohitaji nguvu, anapoondoka na abiria au anapopanda mlima.

Kwa hiyo kijana aliongeza kelele, akapunguza nguvu. Wazee walisema kweli: debe tupu haliachi kuvuma.

WENYE PIKIPIKI KUBWA HUFANYAJE?

Huenda msomaji akauliza, "Mbona wenye pikipiki kubwa za safari hubadilisha chujio na bomba?" Ni kweli, hubadilisha. Lakini hawabadilishi kitu kimoja na kuacha vingine.

Tutazame kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani, iliyoanza mwaka 1903. Kampuni hiyo huuza vifaa vya kuongeza nguvu za pikipiki zake kubwa. Hatua ya kwanza ina mambo matatu pamoja. Kuna chujio linalopitisha hewa zaidi. Kuna bomba linalotoa moshi kwa urahisi zaidi. Tena kipimo cha petroli hupangwa upya ili kilingane na hewa mpya.

Pikipiki hizo za sasa hazina kabureta. Zina kompyuta ndogo inayopima hewa na kuamuru petroli inyunyizwe kiasi gani. Fundi hubadilisha maagizo ya kompyuta hiyo. Angalia vizuri: chujio halitupwi. Linawekwa jingine lililo bora. Hata baada ya kazi na gharama hiyo yote, nguvu inayoongezeka huwa ya kiasi tu.

Pikipiki yetu ya sisi 125 au 150 imetengenezwa kwa kubeba watu na mizigo, na kwa kula petroli kidogo. Kuiongezea kelele hakuifanyi iwe pikipiki kubwa.

NJIA YA KUPATA NGUVU BILA KUHARIBU

Mara nyingi pikipiki iliyochoka haihitaji kufunguliwa bomba. Inahitaji kutunzwa. Fanya mambo haya:

1. Safisha chujio la hewa. Katika barabara ya vumbi, litazame mara kwa mara. Chujio la sponji hufuliwa kwa maji na sabuni. Likamue bila kulipindapinda, likauke kabisa. Kisha lipake oili kidogo na kukamua inayozidi. Chujio la karatasi halifuliwi. Kung'uta vumbi taratibu. Likichakaa, nunua jipya.

2. Tazama plagi. Ifungue injini ikiwa imepoa. Ncha ikiwa na rangi ya kahawia, kipimo ni kizuri. Ikiwa nyeusi na yenye masizi makavu, petroli imezidi au chujio limeziba. Ikiwa nyeupe sana, huenda petroli ni kidogo na injini ina joto mno. Usiendelee na safari ndefu. Mwone fundi.

3. Kabureta irekebishwe injini ikiwa na moto. Fundi ageuze skrubu ya mchanganyiko polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Asikilize mlio. Pale injini inapounguruma sawasawa bila kukohoa, ndipo mahali pake. Kabla ya kuanza, ahesabu mizunguko ili aweze kuirudisha ilipokuwa. Jeti zisafishwe kwa upepo. Usizichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka, kipimo kimeharibika.

4. Kagua bomba la moshi. Likipasuka, lichomelewe. Likivuja pale linapoungana na injini, fundi abadilishe gasketi. Kinga ya chuma iliyo juu ya bomba isitolewe. Inamkinga abiria asiungue mguu.

5. Badilisha oili kwa wakati, na kaza mnyororo kwa kipimo. Matairi yawe na upepo wa kutosha. Tairi lenye upepo kidogo hula nguvu na petroli.

Jambo jingine ni la ndugu zetu wa nyanda za juu. Dar es Salaam iko pwani. Mji wa Mbeya uko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Pikipiki yenye kabureta iliyopimwa pwani ikipelekwa huko, petroli itazidi. Itatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Si lazima iwe mbovu. Mwambie fundi apunguze petroli. Ukiirudisha pwani, kipimo nacho kirudishwe.

Tahadhari moja zaidi. Usiwashe pikipiki ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa kuijaribu tu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo huua.

JIRANI NAYE ANA HAKI

Kanuni za mwaka 2010 ziliweka utaratibu wa pikipiki kubeba abiria kwa leseni nchini Tanzania. Hiyo ni kazi halali, na vijana wengi wanaishi kwayo. Lakini kazi halali haifanywi kwa kumwumiza jirani. Mwaka 2015 Serikali ilitoa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayepiga kelele kupita viwango anavunja kanuni.

Tena anayeumia kwanza ni dereva mwenyewe. Kelele kubwa ya kila siku huharibu masikio polepole. Masikio yaliyoharibiwa hivyo hayaponi. Dereva asiyesikia vizuri hataisikia honi ya gari linalokuja nyuma yake.

Vijijini pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku. Ndiyo inayobeba mbolea na kupeleka mahindi sokoni. Ikifa injini kwa sababu ya mtindo wa kijiweni, hasara si ya dereva peke yake.

Turudi kwa kijana wetu wa Mikocheni. Alitaka pikipiki yenye nguvu, naye hakukosea kutaka. Angeanza kwa kusafisha chujio, kutazama plagi na kurekebisha kabureta, angeipata nguvu hiyo. Watu wasingegeuka kumtazama anapopita. Lakini siku ya mwisho wa mkataba ingefika, naye angeipanda pikipiki hiyo kwenda kumwona mama yake, ikiwa mali yake mwenyewe.