Ndege za Maldivi na Kamba za Usumba

Sisi watu wa mwambao tunaijua fadhaa ya mgonjwa wa kisiwani. Kusi limevuma, usiku umeingia, mama ameshikwa na uchungu, na hospitali iko ng'ambo. Wanaume wa mtaa hutoka kutafuta boti, na kina mama hubaki wakiomba dua. Kwa sababu hiyo, habari za shirika la ndege la Visiwa vya Maldivi hatukuzisoma kama habari za biashara.

Maldivi ni jirani zetu wa bahari moja. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa kadhi kwao miaka kadhaa baadaye. Nchi yao ni visiwa kiasi cha 1,200, ingawa vinavyokaliwa na raia havifiki 200, navyo vimetawanyika kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kaskazini hadi kusini. Uwanja wao mkuu wa ndege uko Hulhulé, mkabala wa mji mkuu Malé, na hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2018 abiria alishuka kwenye ndege akaingia kwenye boti. Aliyewahi kushuka Manda akavuka kwenda Amu hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2000 shirika lao la awali, Air Maldives, lilianguka. Serikali ikaunda kampuni mpya, Island Aviation Services, ambayo leo hujulikana kwa jina la Maldivian. Ilianza na ndege ndogo za mapanga na viwanja vya ndani vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa viwanja hivyo vimepita kumi na vitano. Mwaka 2008 ndege zake zilianza kuvuka hadi Thiruvananthapuram, kusini mwa India, mji ambao Wamaldivi wengi huuendea kutafuta matibabu. Na baada ya hapo zikafika hata China.

Jambo lililotupendeza kuliko yote ni nauli. Katika safari za ndani mgeni hutozwa zaidi, na mwananchi hulipa kidogo. Watalii wengi wana ndege zao za kutua majini zinazowapeleka hotelini, lakini hizo huruka mchana tu, na uchungu wa uzazi haungoji alfajiri. Kiwanja cha nchi kavu ndicho kinachoweza kuwashiwa taa usiku.

Hata hivyo, kiwanja kinahitaji ardhi, na ardhi ndiyo wasiyokuwa nayo.

Huko kaskazini kiko kisiwa cha Kulhudhuffushi, ambacho kilikuwa na ziwa la matope lililozungukwa na mikoko. Kina mama wa kisiwa hicho walifukia makumbi ya nazi humo hata yakalainika, wakayatoa, wakayaponda, wakasokota kamba za usumba za kuuza. Ni kazi ile ile waliyoifanya bibi zetu, na harufu yake haihitaji kusimuliwa kwa aliyelelewa pwani. Fedha ile ilikuwa ya mama mwenyewe: ya daftari za watoto, ya kitambaa cha Idi, ya kutomwomba mtu. Kiwanja cha ndege kilipojengwa, sehemu kubwa ya ziwa lile ilifukiwa kwa mchanga pamoja na mikoko yake, na mwaka 2019 ndege zikaanza kutua.

Wapo wakazi waliokitaka kiwanja kwa moyo wote, na hatuwezi kuwalaumu. Sisi wenyewe tungekitaka. Lakini kiwanja cha Hanimaadhoo kilikuwapo tangu zamani, mwendo mfupi tu wa boti kutoka hapo. Tunajiuliza kama boti moja nzuri, yenye nahodha aliye tayari usiku na mchana, isingaliwatosha wagonjwa wale huku ziwa likibaki.

Leo mwanamke wa Kulhudhuffushi anaweza kupanda ndege kisiwani kwake na kushuka Hulhulé baada ya muda usiofika saa moja na nusu. Nauli yake ni ya mwananchi, ila hawezi tena kuipata kwa kusokota kamba za makumbi yaliyofukiwa pale inapotua ndege.